Mwanamke wa Pukamayu Asiyetoka Pukamayu

Saa kumi na mbili asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya mlima, Nicasia Champi anajibanza nyuma ya ukuta wa choo cha wageni na kuanza kubadili nguo.

Ana haraka. Sketi nyeusi ya sufu inashuka, nyekundu yenye mapindo ya rangi inapanda. Koti jeusi linazama kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kofia bapa aliyotengenezewa na mama yake. Kichwani sasa inakaa kofia pana iliyopinda kingo kama bakuli, na mkanda wa shanga nyeupe unapita chini ya kidevu. Mwisho anajitupia shali mabegani na kuibana kifuani kwa pini kubwa. Shali hiyo ina safu ya ndege waliofumwa, na akishaivaa ndege hao huwa vichwa chini, miguu juu. Ndivyo alivyoikuta imekunjwa siku aliyoinunua, na kwa miaka tisa hakuna mgeni aliyelalamika.

"Haya, sasa mimi ni wa Pukamayu," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Ukiniita Nicasia hapo nje, sitaitika."

Hasemi kwa utani. Anapotokea upande wa pili wa ukuta, anapita mbele ya walinzi bila kuwatazama, na walinzi nao, kwa adabu ya watu wanaojua mengi, wanatazama mlima.

Kazi ya Nicasia, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni kupigwa picha. Anasimama kwenye matuta ya mawe ya Wayrapata, mji wa Wainka uliokaa juu ya mgongo wa mlima, akiwa na lama mmoja mweupe, mnyama wa sufu mwenye shingo ndefu kama ya ngamia, na watalii humpa sarafu ya soli moja au mbili kwa picha. Lama anaitwa Diputado, yaani Mbunge.

"Anakula kutwa, kazi hafanyi, na ukimsogelea na swali anakutemea mate," anaeleza Nicasia. "Ungemwita nani wewe?"

Basi la kwanza linapanda likikoroma. Wageni wanashuka, midomo imewabadilika rangi kwa baridi na hewa nyembamba, wengine wanatafuna majani ya koka, ya kutuliza kizunguzungu cha mlimani, kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Mbele yao yupo Wilbert, kijana wa mjini, mtembeza watalii, mwenye sauti isiyohitaji kipaza.

"Mabibi na mabwana, tazameni ukuta huu. Hakuna saruji, hakuna udongo. Hata wembe haupiti." Anageuka. "Na huyu ni mama wa Pukamayu, watu ambao hawajabadilika tangu enzi za Inka. Mama, wasalimie."

Nicasia anatabasamu na kuwasalimia kwa Kikechua, lugha ya milima hii: "Karibuni sana, nyie wenye viatu vya bei na magoti mabovu."

Wageni wanapiga makofi. Wilbert anajikaza asicheke. "Anasema milima iwabariki," anatafsiri.

Kisha zamu ya picha. Bibi mmoja anamkumbatia Nicasia kiunoni, mumewe anamshika Diputado sikio na kujuta papo hapo. Nicasia anajua asimame wapi ili hekalu lionekane nyuma yake na nguzo ya umeme isionekane. Anajua kuinua mkono wa kushoto kidogo ili shali ifunguke. Kila mtu anaondoka ameridhika.

Ukitaka kujua kwa nini dunia nzima inapanda Wayrapata, usiwaulize wenye vitabu. Muulize mtu aliyesimama palepale miaka tisa akiwatazama wanaofika.

"Nimewaona wakilia," anasema Nicasia. "Mtu mzima, ana ndevu, anaweka kiganja kwenye jiwe, machozi yanamtoka. Mara ya kwanza nilidhani anaumwa, nikamwita Wilbert. Wilbert akaniambia, mwache, amefurahi."

Na kweli pana kitu. Wingu likifunguka, matuta huonekana yote kwa mara moja, yakishuka ngazi kwa ngazi hadi mtoni, na mfereji uliochongwa kwenye mwamba bado unapitisha maji kana kwamba aliyeuchonga ametoka kidogo kwenda kula. Hata mwandishi wa makala haya, aliyezaliwa bonde hilihili na kuletwa hapa na walimu mpaka akapachoka, bado husimama kutazama.

Lakini kuna jambo Nicasia ameliona ambalo halimo kwenye maelezo ya Wilbert.

"Kwanza wanapiga picha na mimi," anasema. "Halafu wananipungia mkono, hivi, nisogee. Wanataka na nyingine pasiwe na mtu. Wanatupenda, ila wanapapenda zaidi tukiwa hatupo."

Anaamini amezoea. Kinachomsumbua yeye si wageni.

Nicasia alizaliwa Chilkani, kijiji cha viazi na kondoo kilichoko juu kuliko mawingu, mwendo wa nusu siku kutoka bondeni. Kwa watu wa milima hii, nguo ni anwani. Ukimwona mwanamke kwa mbali, kabla hujamjua uso, unajua ametoka kijiji gani, ameolewa au bado, na kama kuna jambo limempata. Wanawake wa Chilkani huvaa nyeusi, sufu nzito, yenye mstari mmoja mwembamba mwekundu pembeni. Hawajui kuvaa kingine. Wa Pukamayu, ng'ambo ya bonde, huvaa nyekundu tangu shingo mpaka mashavu ya miguu.

Kamera hupenda nyekundu.

Mume wa Nicasia alishuka msituni kuchimba dhahabu na huko akapata familia nyingine. Nicasia akaachiwa watoto watatu. Akateremka nao bondeni, akapata kibarua Wayrapata kwenye kikosi cha wanawake wanaosugua ukoga kwenye mawe kwa brashi na maji. Ilikuwa kazi ya kuchubua vidole, lakini ilikuwa kazi ya heshima. Habari zilipofika Chilkani, mama yake, Agripina, hakulala nazo.

"Mama aliwaambia mpaka mbuzi," anasema Nicasia. "Binti yangu anaosha mawe ya mababu. Kanisani, sokoni, kwenye mashamba. Mtu akilalamika kuhusu watoto wake, mama anasema, wangu anaosha mawe ya mababu."

Msimu ukaisha, kikosi kikavunjwa. Nicasia hakusema nyumbani. Alidhani wataitwa tena mwezi unaofuata, kisha mwaka unaofuata. Mwaka wa pili akaona aibu kueleza kwa nini hakusema mwaka wa kwanza.

Akaazima lama, akarudi kusimama kwenye matuta na nguo zake mwenyewe, nyeusi. Wageni walimpita. Mzee mmoja tu alisimama, akamwekea sarafu mkononi, akamgusa bega kwa huruma na kwenda zake. Nicasia alimuuliza Wilbert yule mzee alikuwa na nini.

"Anadhani umefiwa," Wilbert akamjibu.

Aliyemfungua macho ni Hilaria, ambaye husimama tuta la chini akiwa na mtoto wa alpaka, jamii ya lama, kifuani. Hilaria ni mnene, mcheshi, na midomo yake haina breki.

"Mimi nilizaliwa nyuma ya gereji ya baba yangu, mjini," anasema Hilaria, akijishika kiuno kilichozungushiwa sketi nyekundu. "Kabila langu ni grisi. Lakini hapa sote ni wa Pukamayu, shoga. Huko Pukamayu kwenyewe nadhani wamebaki mbwa tu."

Siku ile ya yule mzee alimwambia Nicasia: "Vua msiba huo. Nenda mnadani Jumapili, kwa yule muuza mitumba mwenye jino la dhahabu. Usimwambie nimekutuma mimi, atakupandishia bei."

Nicasia alinunua vyote kwa mkupuo: sketi, kofia na shali. Hakuuliza vilikuwa vya nani. Siku ya kwanza alirudi nyumbani na soli arobaini, na watoto wakala kuku. Siku zake za nyeusi, akibahatika, alipata sita.

"Niliwatazama wakila," anasema, "nikajiambia, nguo ni nguo tu. Nikajiambia hivyo kila siku. Mtu akijiambia jambo kila siku, ujue haliamini."

Chilkani alikuwa akipanda mara chache, daima kwa nguo nyeusi. Mama yake alimshika mikono, akaitazama, akasema mawe yanamchosha. Nicasia alikubali kwamba mawe yanamchosha.

Kisha ikaja ile Jumapili ya mwezi wa sita.

Jumapili wenyeji huingia Wayrapata bure, na watu wa vijiji hufika kwa malori, na chakula chao, na watoto wao. Nicasia kwa kawaida hujificha kidogo siku hiyo, anasimama tuta la juu ambako wenyeji hawafiki kwa sababu wanajua ugumu wa ngazi zake. Siku ile Wilbert alikuwa na kundi kubwa, akamwomba ashuke mpaka langoni mwa hekalu.

Alikuwa katikati ya picha alipowaona. Wanawake wanne waliovaa nyeusi walikuwa wakipanda polepole, mmoja nyuma ya mwingine.

"Mtu wako unamjua kwa mwendo," anasema. "Mama anatembea kama anayehesabu mawe. Nilimwona. Nikataka kukimbia, lakini bibi mmoja wa Kizungu alikuwa amenishika mkono, na Mbunge alikuwa amefungwa kwenye mkono mwingine."

Wageni nao waliwaona wale wanawake. Mmoja akauliza jambo. Wilbert, ambaye hakujua lolote, akageuka na kumuuliza Nicasia kwa Kikechua, kwa ile sauti yake isiyohitaji kipaza: "Mama, eti wale wa nguo nyeusi ni watu wa wapi?"

Walikuwa wameshafika karibu. Wote walisikia swali.

"Nikasema, sijui," anasimulia Nicasia. "Nikasema, watakuwa wa huko juu. Siwajui."

Anaposimulia hapa anavua ile kofia bakuli na kuiweka magotini. Diputado anamnusa sikio, naye hamfukuzi.

Watatu kati ya wale wanawake walitazama chini. Mama yake hakutazama chini. Alisogea mpaka mbele yake, akasimama kwa umbali ambao mtu husimama mbele ya mgeni.

"Dada wa Pukamayu," akasema. "Habari za hapa."

"Nzuri, mama."

Hivyo ndivyo tunavyomwita kila mwanamke mzima katika milima hii, kwa hiyo Wilbert hakushtuka. Nicasia anasema ndilo neno pekee la kweli alilotamka siku ile.

"Namtafuta binti yangu," akaendelea yule mama. "Anaosha mawe hapa. Nimezunguka, sijamwona."

"Labda leo anapumzika."

"Labda." Akatoa furushi kifuani, ndani ya nguo. "Nimembebea viazi na jibini. Nikirudi navyo vitaharibika njiani. Ukimwona, utampa?"

"Nitampa."

"Ahsante. Na umwambie mama yake alifika, akayaona mawe. Mwambie ni masafi sana."

Akamwachia furushi mikononi, akawaongoza wenzake kushuka. Bibi wa Kizungu alipiga picha ya tukio lote, akasema jinsi wanawake wa hapa wanavyogawana chakula ni jambo la kupendeza. Wilbert alitafsiri.

Nicasia alikwenda nyuma ya ukuta wa choo, akakaa chini, akala viazi vyote. Hakuwa na njaa. "Vilikuwa bado vina joto," anasema. "Alikuwa amevibeba kifuani, ndani ya nguo, kutoka alfajiri. Nilikula nikiona aibu mpaka masikio yanawaka. Ningeweza kumkimbilia, alikuwa bado hajafika lango la kutokea. Sikumkimbilia."

Jioni ile kaka yake, Toribio, alimpigia simu kutoka Chilkani. Hakuuliza lolote kuhusu Wayrapata. Aliuliza tu kama watoto ni wazima. Nicasia akasema wazima. Toribio akasema haya, akakata. Nicasia hakuelewa, na hakuthubutu kumpigia.

Kikabaki kitambaa.

Furushi lile lilifungwa kwa kitambaa cha mama yake, cheusi, mstari mwekundu pembeni, alichokifuma mwenyewe. Kwetu kitambaa cha chakula hakirudishwi kitupu, na hakikai kwa watu. Ukikaa nacho, ni kama umekataa kuonana na mwenyewe. Nicasia alikifua, akakikunja, akakiweka chini ya mto. Mwezi wa saba ukapita, wa nane ukapita.

Kila Jumamosi Toribio hupanda kwenye kilima chenye mtandao na kupiga simu. Mazungumzo yao yalibaki yaleyale.

"Mama anauliza kitambaa chake."

"Nitakileta."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

"Kwani mawe ni mangapi huko, dada, hayaishi?"

Mwezi wa nane, siku ya Jumatano, Nicasia alijaribu. Alipita ukuta wa choo bila kusimama, akapanda kwenye matuta na nguo zake nyeusi na kofia bapa. Hilaria alipomwona aliacha kutafuna. Wilbert alishuka kwenye basi, akamtazama, akamvuta pembeni.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Hizi ni nguo zetu. Ni za Chilkani."

"Chilkani ndiyo wapi?"

"Ndiyo nilikozaliwa."

"Mama yangu, nisikilize," Wilbert akasema, naye si kijana mbaya. "Hawa wana dakika arobaini hapa. Nina hekalu, nina mfereji, nina foleni ya choo. Nikianza kuwaeleza rangi nyeusi, basi linaondoka."

Siku hiyo alipata soli tatu, na mbili kati ya hizo zilitoka kwa Hilaria, aliyezisukuma mfukoni mwake bila kusema kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alhamisi Nicasia alirudi nyuma ya ukuta.

"Sikuwa na hasira na Wilbert," anasema. "Alichosema ni kweli. Hata mimi, watu wangu walipopanda ngazi zile, sikuwa na dakika moja ya kuwaeleza."

Mwandishi wa makala haya alipomwuliza kwa nini amekubali kusimulia gazetini jambo ambalo hajamwambia hata mama yake, Nicasia alifikiri kwanza. "Kwa sababu likishatoka kwako, itabidi nimwambie," akasema. "Subiri mpaka Watakatifu Wote. Nitapanda. Njoo uone kama nitafika au nitashukia njiani."

Sikukuu ya Watakatifu Wote ni siku ya mikate. Kila nyumba huwawekea marehemu wake meza, na mikate hutengenezwa kwa umbo la watoto wachanga, yenye nyuso zilizochorwa. Nicasia alinunua mikate mizuri ya bondeni, akaijaza kwenye kitambaa cha mama yake mpaka fundo likagoma kufungika.

Tulipanda na lori la mbolea, kisha kwa miguu. Alikuwa amevaa nyeusi tangu nyumbani. Hata hivyo, tulipofika kijito cha mwisho alisimama, akajikung'uta, akaivua kofia bapa na kuivaa upya.

"Niangalie," akaniambia. "Naonekana wa wapi?"

Nilimwambia anaonekana wa Chilkani. Hakuonyesha kama ameniamini.

Agripina Champi ni mwanamke mfupi, mkavu, wa miaka sabini na kitu, na kitu hicho hataki kukitaja. Tulimkuta mlangoni akisokota sufu, Toribio akipanga meza ya marehemu baba yao. Hakuinuka.

"Umechelewa," akasema.

"Nimeleta kitambaa, mama."

Alikipokea, akakipima kwa mikono miwili kabla ya kukifungua. Akatoa mkate mmoja, akautazama uso. "Huyu anafanana na padri," akasema, akaupeleka mezani. Akarudi kuchukua wa pili.

"Yule dada wa Pukamayu ni mwaminifu," akasema, akiwa ametupa mgongo. "Sikudhani angekumbuka kukupa."

Toribio aliacha kupanga. Nicasia alisimama katikati ya ua, mikono ikining'inia, mtu mzima mwenye watoto watatu, amesimama kama aliyevunja chungu.

"Mama, hakuna dada wa Pukamayu. Yule ni mimi." Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Sioshi mawe. Niliacha zamani, hata miezi sita sikufikisha. Napigwa picha. Nilikuona ukipanda, nikakutambua, nikasema sikujui."

Mama yake aliweka mkate wa pili mezani. Akaweka wa tatu, akaunyoosha.

"Shali uliivaa kichwa chini," akasema.

"Nini?"

"Ndege. Walikuwa miguu juu. Pukamayu huigeuza hivyo wakifiwa. Nilikwenda kwao nikiwa msichana, kubadilisha viazi na mahindi, nawajua." Sasa aligeuka. "Sikushangaa rangi nyekundu. Niliona wale ndege, nikasema, huyu kafiwa na mtoto, anaogopa kuniambia. Roho ilinitoka. Nilitaka nikuulize palepale, nikaona una wageni."

Toribio akakohoa. "Ndiyo maana nilipiga simu jioni ile," akasema. "Hakutaka kula mpaka nipande kilimani."

Nicasia alikaa chini, pale pale uani, kwenye udongo. Alikuwa amekuja na aibu moja, na sasa alikuwa na mbili. Kwa miaka tisa alikuwa amesimama mbele ya dunia nzima akiwa na nguo za msiba wa watu wengine, na mtu pekee aliyezisoma sawasawa alikuwa mama yake, aliyeshuka mlima akidhani amepoteza mjukuu.

"Na ule mkanda mweupe ni wa wasichana ambao hawajaolewa," mama yake akaongeza. "Wewe na watoto wako watatu. Wenyewe wakikuona watakufa kwa kicheko."

Nicasia alicheka, kisha kicheko kikageuka. Mama yake alimwacha alie. Hakumpapasa. Alipomaliza alimwambia kwa sauti ileile: "Nguo zisikusumbue, ulikuwa unalisha watoto. Ila ulisema hunijui, na mimi nimesimama pale. Hilo liliniuma, na bado linaniuma."

"Najua, mama."

"Basi nilitaka ujue."

Walimaliza kupanga meza wote watatu, wakala supu ya viazi, wakamwaga pombe kidogo ya mahindi chini kwa ajili ya baba. Nicasia alilala kwenye ngozi ya kondoo alikolala utotoni.

Asubuhi, kabla mama yake hajatoka, alimweleza mwandishi mpango wake, na haukuwa mkubwa. Jumapili atavaa nyeusi. Siku nyingine atavaa nyekundu, ila shali ataigeuza ndege wakae sawa, na mkanda mweupe ataukata. Siku moja atavuka bonde mpaka Pukamayu yenyewe, akawaombe radhi wenye nguo, na kama watakubali awalipe wamfumie kofia ya mwanamke mzima.

"Kuacha kabisa siahidi," anasema. "Watoto wanakula kila siku, si Jumapili tu. Ningekuahidi ningekuwa nadanganya tena. Lakini Jumapili ni ya watu wetu. Siku hiyo wakipanda wanikute mimi."

Wilbert bado hajaambiwa.

Mama yake alitoka na kitambaa. Kilikuwa kimefungwa tena, kizito, na harufu ya viazi vya moto ilikitangulia. Alikiweka mikononi mwa binti yake, safari hii akiwa amesimama karibu, na kwa kidole akasukuma pini ya shali yake nyeusi upande wa kushoto, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

"Nikishuka Jumapili," akauliza, "nimuulizie nani?"

"Niulizie mimi. Sema Nicasia."

"Watasema hawamjui."

"Ita tu, mama," akasema Nicasia. "Nitaitika."